Bastola ya nyundo au ya pini: mwongozo kamili kwa anayebeba kiunoni Kigoma na Tabora

Ukikaa na wenye leseni za silaha pale Kigoma mjini, haipiti nusu saa kabla mazungumzo hayajafika kwenye "Glock au CZ?" Mmoja atasema Glock haina mambo mengi, unavuta triga inalia. Mwingine atajibu kwamba bastola isiyo na sefti (kifungio cha usalama) ya kuonekana si kitu cha kuweka karibu na tumbo. Wote wana hoja, ila wanaanzia katikati. Cha kuamua kwanza ni kama bastola hiyo itakaa kiunoni ikiwa na risasi chemba, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa, au chemba ikiwa tupu. Jibu lako hapo ndilo linalochagua bastola, na mara nyingi linachagua kinyume cha watu wanavyodhani.

Nimeandika kwa ajili ya mtu mzima mwenye leseni, au anayeiomba kwa njia halali, ambaye kazi yake inamfanya atembee na thamani: mnunuzi wa dagaa anayefika mwalo wa Kibirizi alfajiri wakati mitumbwi inarudi, mfanyabiashara wa jumla Mwanga, mtu wa tumbaku anayezunguka Urambo na Kaliua, mfugaji anayetoka mnadani. Na niseme mapema: siku hizi pesa nyingi zinapita kwenye simu na benki. Kama unaweza kupanga biashara yako usibebe fedha taslimu, hiyo ni kinga kubwa kuliko bastola yoyote itakayotajwa hapa. Anayebaki na sababu ya kubeba, tuendelee.

Kabla ya yote: karatasi

Silaha Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia chini, kwenye serikali ya mtaa au kijiji chako, yanapanda kupitia vikao vya usalama na polisi wilaya hadi mkoani, na leseni ikitoka inakuwa na jina lako na namba ya silaha yako. Bastola haiazimishwi, hairithishwi mezani, wala hainunuliwi "kwa jamaa" kisha karatasi zikafuata baadaye. Nenda kituo cha polisi cha wilaya ukaulize masharti na ada za sasa kwa mdomo wako mwenyewe. Usitegemee maneno ya aliyeomba miaka kumi iliyopita.

Usilipie bastola kabla hujapata kibali. Lakini kuishika dukani mbele ya muuzaji mwenye leseni, ikiwa tupu, ni jambo la kuomba mapema, maana hatua ya tatu haiwezi kufanyika kwa picha.

Hatua ya 1: Elewa zinavyofanya kazi

Bastola karibu zote unazoweza kuuziwa leo kwa ajili ya kubeba zinaingia kwenye makundi mawili.

La kwanza ni la nyundo. Nyuma ya slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, unaiona nyundo ndogo. Ikiwa imelala, ukivuta triga kidole chako kinafanya kazi mbili: kinaivuta nyundo nyuma, halafu kinaiachia ipige. Mvuto huo wa kwanza ni mrefu na mzito, kwa kawaida kati ya kilo 4.5 na 5.5. Baada ya risasi ya kwanza slaidi inarudi nyuma na kuiacha nyundo imesimama, kwa hiyo mvuto wa pili na kuendelea ni mfupi na mwepesi, kama kilo 2 hivi. Walther wa Ujerumani ndiye aliyeufanya mtindo huu ukubalike, kwa PP ya mwaka 1929. Ndugu zake unaowasikia leo ni Beretta 92 na CZ 75, zote za mwaka 1975, pamoja na Makarov ya Kisovieti.

La pili ni la pini. Nje hakuna nyundo. Ndani ya slaidi kuna pini inayosukumwa na springi. Ukikoki, yaani ukivuta slaidi nyuma na kuiachia, springi inakazwa kidogo au yote kutegemea muundo, na triga inamalizia kazi. Kila mvuto ni sawa na uliotangulia, kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Glock 17 iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982 ndiyo iliyoufanya mtindo huu utawale dunia. Triga yake ya kiwandani inavutwa kwa karibu kilo 2.5. Haina sefti ya kidole gumba. Ina kinga tatu zinazofunguka zenyewe unapovuta triga, na maana yake ni kwamba chochote kinachovuta triga kinafyatua risasi, kiwe kidole chako au pindo la shati.

Jeshi la Marekani lilibeba Beretta ya nyundo kuanzia 1985, na mwaka 2017 likachagua SIG ya pini. Watu wanautumia mfano huo kumaliza ubishi. Haumalizi kitu. Askari ana ala ya kazi nje ya nguo, ana mkufunzi na ana sanduku la risasi za mazoezi. Wewe una shati la kitenge, pikipiki, na risasi chache zinazokwenda na kibali.

Hatua ya 2: Amua kuhusu chemba

Hapa tukae kidogo.

Wabebaji wengi wa kwetu wanabeba chemba ikiwa tupu: magazini imejaa, bastola haijakokiwa. Kwa mtu mwenye mazoezi machache naona ni uamuzi wa busara, na simcheki anayefanya hivyo. Gharama yake ni kwamba utahitaji mikono miwili na sekunde ya ziada siku ya siku, na mkono mmoja unaweza kuwa umeshika usukani, begi au mtoto. Faida yake ni kwamba bastola iliyodondoka, iliyonaswa na nguo au kushikwa na mtu asiyejua haitalia kwa bahati mbaya.

Sasa tazama kinachotokea kwa mitindo yetu miwili chemba ikiwa tupu.

Chukua ya nyundo. Sababu kubwa ya watu kuipenda ni ule mvuto mzito wa kwanza, kwamba haiwezi kulia kirahisi. Lakini ukiwa chemba tupu, siku ya hatari utakoki. Ukikoki, slaidi inaiacha nyundo imesimama, na mvuto wako wa kwanza unakuwa ule mwepesi wa kilo 2. Faida uliyoinunua imetoweka hujafyatua hata moja. Kisha, kama hatari ikipita bila risasi kupigwa, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, umebaki na bastola iliyokokiwa, nyundo imesimama, mikono inatetemeka, na inakubidi ukumbuke kuishusha nyundo kabla ya kuirudisha kwenye ala. Hapo ndipo watu wanapojipiga mapaja.

Chukua ya pini. Hofu yake kubwa ni triga nyepesi isiyo na sefti ya nje. Chemba ikiwa tupu, hofu hiyo haipo ukiwa unatembea, unakaa au unapanda boda. Ukikoki, unapata triga ileile uliyoizoea. Hatari ikipita, toa magazini, vuta slaidi risasi itoke chemba, angalia kwa macho na kwa kidole kwamba ni patupu, kisha rudisha magazini. Hakuna nyundo ya kushusha.

Kwa hiyo anayebeba chemba tupu achukue ya pini. Ni kinyume kabisa na ushauri wa barazani, ambako mwoga anaelekezwa kwenye nyundo.

Anayebeba chemba ikiwa na risasi, mambo yanageuka. Hapo mvuto mzito wa ya nyundo unafanya kazi yake, hasa wakati wa kuirudisha bastola kwenye ala, ambao ni wakati wa hatari kuliko yote. Unaweka kidole gumba juu ya nyundo iliyolala. Kitu chochote kikiivuta triga, utaisikia nyundo inainuka chini ya kidole na utasimama. Ya pini, kwa muundo wake wa kawaida, haikupi onyo hilo. Kwa mtu anayevua na kuvaa bastola mara nyingi kwa siku, mathalani anayeingia benki, msikitini au kanisani, kisha nyumbani kwa wazee ambako haipendezi kuingia nayo, ya nyundo inasamehe zaidi.

Masharti mawili kwa anayechagua njia hii. Bastola ya nyundo iwe na kitufe cha kushushia nyundo. Bila hicho utalazimika kuvuta triga huku umeishikilia nyundo kwa kidole, juu ya risasi iliyo chemba, na siwezi kumshauri mtu kufanya hivyo mara mbili kwa siku. CZ 75 B ya kawaida ina sefti lakini haina kitufe hicho. Ile yenye alama ya BD inacho. Sharti la pili liko kwenye hatua ya nne, nalo ni ala.

Kama unataka chemba iwe na risasi lakini huko tayari kwa ala nzuri wala mazoezi, hakuna bastola ya kukuchagulia.

Hatua ya 3: Ijaribu mkononi

Dukani, baada ya wewe na muuzaji wote kuhakikisha kwa macho kwamba bastola ni tupu, fanya haya.

Shika mpini kama unayetaka kulenga, mfupa wa mkono ukiwa mstari mmoja na mtutu. Ncha ya kidole cha shahada iifikie triga bila kuugeuza mkono. Ya nyundo ina shida hapa: nyundo ikiwa imelala, triga inakaa mbele zaidi, na mwenye kiganja kidogo anaweza kuifikia kwa kucha tu. Akina mama wengi na wanaume wenye vidole vifupi wanaishia kuuzungusha mpini, na hapo risasi ya kwanza inakwenda pembeni. Likikutokea hilo, acha, hata kama bei ni nzuri.

Vuta triga mara kumi mfululizo. Kwa ya nyundo, vuta kila mara nyundo ikiwa imelala. Ukifika ya saba kidole kikianza kutetemeka, umepata jibu.

Koki mara kumi, kwa mkono mkavu kisha kwa mkono uliolowa maji kidogo, maana Kigoma mkono mkavu ni wa asubuhi tu. Hapa zingatia maumbo. Slaidi ya CZ 75 inatembea ndani ya fremu, kwa hiyo sehemu ya kushika ni nyembamba na mkono wenye jasho unateleza. Beretta 92 ya kawaida ina sefti juu ya slaidi, na wakati wa kukoki kwa nguvu vidole vinaweza kuishusha bila kujua. Utavuta triga na hakuna kitakachotokea. Slaidi ya Glock ni kubwa, ya mraba, haina kitu pembeni. Kwa wa chemba tupu hilo peke yake lina uzito.

Uangalie pia mwelekeo wa sefti kama ipo. Kwenye CZ unaipandisha kufunga na kuishusha kufyatua. Kwenye Beretta ni kinyume: chini imefungwa, juu inapiga. Mtu aliyezoea moja akinunua nyingine anajiwekea mtego.

Kuhusu uzito: Glock 19 bila magazini ni karibu gramu 600, Beretta 92 inakaribia gramu 950, na CZ 75 ya chuma inafika kilo moja. Risasi 15 za milimita 9 zinaongeza karibu gramu 180. Tofauti hiyo dukani ni ndogo. Saa kumi jioni, baada ya siku nzima ya kupanda na kushuka gari, si ndogo tena. Kwa upande mwingine bastola nzito inapiga teke dogo, na mwenye mkono mwepesi analenga risasi ya pili haraka zaidi nayo.

Kuhusu ukubwa wa risasi sina mengi. Chukua milimita 9 ya kawaida, ile ya 9 kwa 19 iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902. Ndiyo inayopatikana, na bastola nilizotaja zinaitumia isipokuwa ile Walther PP ya zamani na Makarov, ambayo ni 9 kwa 18 na haziingiliani.

Hatua ya 4: Ala kwanza, kisha mkanda

Nimeona watu wakilipa mamilioni kwa bastola kisha wakaitumbukiza kwenye kifuko cha kitambaa kilichotengenezewa redio ya mkononi. Kitazame kifuko hicho kwa karibu. Mdomo wake ni laini, ukitoa bastola unajikunja ndani. Unaporudisha, ukingo uliojikunja unaingia kwenye kikingo cha triga kabla ya bastola kufika chini. Unasukuma, unahisi kama imekwama kidogo, unaongeza nguvu. Kwenye ya pini iliyokokiwa, nguvu hiyo uliyoongeza ndiyo kilo 2.5.

Ala inayofaa, kwa mtindo wowote, inafunika triga na kikingo chake chote kwa kitu kigumu ambacho ukikibonyeza kwa kidole gumba triga haisogei. Mdomo wake unabaki wazi bastola ikiwa nje. Imetengenezwa kwa umbo la bastola hiyohiyo, si la "saizi ya kati". Inashikilia bastola hata ukiigeuza juu chini na kuitikisa, ikiwa tupu bila shaka.

Plastiki ngumu ndiyo bora kwa hali yetu. Ngozi nene iliyokandwa vizuri pia inafaa, na mafundi viatu wazuri wapo Mwanga na Ujiji, ila ngozi ikilowa jasho miezi kadhaa inalegea mdomo, na ikilegea imerudi kuwa kile kifuko. Ikague kila mwezi kwa kuibonyeza pale kwenye triga.

Mkanda uwe mnene, wa ngozi ya tabaka mbili. Hapa fundi viatu ni rafiki yako kweli, atakushonea wa nguvu kuliko wa dukani. Mkanda wa kawaida unaiacha bastola iinamie nje, na siri yako inajulikana na kila aliyekaa nyuma yako kwenye daladala.

Mahali pa kuvaa: nyonga ya upande wa mkono wako wa nguvu, nyuma kidogo ya mshono wa suruali. Mgongoni katikati usivae. Ukianguka na boda kwenye barabara ya vumbi, chuma cha nusu kilo na zaidi kinakutana na uti wa mgongo. Mbele tumboni kunapendwa na wengi kwa sababu unachomoa haraka, lakini ukikaa kwenye pikipiki mtutu unatazama paja lako. Wa chemba tupu anaweza kulifikiria. Wa chemba yenye risasi na bastola ya pini, mimi nasema hapana.

Mkoba wa mkononi ni jambo lingine kabisa: bastola ndani ya mkoba iwe kwenye ala yake na kwenye chumba chake, bila funguo, kalamu wala noti za elfu kumi zilizokunjwa.

Hatua ya 5: Mazoezi makavu

Risasi hazinunuliwi kiholela. Zina kibali na zina bei. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi yako itakuwa bila risasi, na hapa mitindo miwili inatofautiana kwa jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ya nyundo unaweza kuvuta triga tena na tena bila kugusa kitu kingine, kila mvuto ukiwa kamili. Ya pini kwa muundo wa Glock, ukishavuta mara moja triga inabaki nyuma imekufa mpaka uvute slaidi kidogo, kama sentimita moja, ili ijiweke upya. Si shida kubwa, lakini inakatisha mtiririko, na asiye na subira anaacha mazoezi wiki ya pili.

Utaratibu wenyewe:

1. Toa magazini. Vuta slaidi, tazama chemba, ingiza kidole uhakikishe. Kutoa magazini peke yake hakuondoi risasi iliyo chemba: Glock, CZ na Beretta zote zitafyatua risasi hiyo bila magazini.
2. Peleka risasi zote chumba kingine. Ukifika huko, rudi uangalie chemba tena.
3. Lenga ukuta mnene wa matofali ambao nyuma yake hakuna mtu. Ukuta wa udongo au mabati hauhesabiki.
4. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi, karibu na mbele. Vuta triga taratibu mpaka ilie. Sarafu ikibaki, umevuta vizuri. Ikianguka, kidole chako kimeisukuma bastola.

Kwenye ya pini, mtu wa kawaida anaiweka sarafu itulie baada ya siku chache. Kwenye ya nyundo itamchukua muda mrefu zaidi, na hata akiweza bado ana kazi ya pili: kuzoea kutoka mvuto mzito kwenda mwepesi kati ya risasi ya kwanza na ya pili. Hilo la pili haliigizwi vizuri kavu. Linataka renji. Uliza polisi wilaya lini na wapi raia mwenye leseni anaruhusiwa kulenga shabaha, na ukipata nafasi, usipige risasi kumi mfululizo kujifurahisha. Piga mbili, shusha nyundo, rudisha kwenye ala. Tena mbili. Utajifunza zaidi kwa risasi hizo chache.

5. Ukimaliza, sema kwa sauti "nimemaliza", funga bastola, usivute triga tena kwa siku hiyo. Ajali nyingi za mazoezi makavu ni za yule aliyekwisha kuweka risasi halafu akataka "moja ya mwisho".

Mbebaji wa chemba tupu aongeze zoezi la kuchomoa na kukoki kwa mwendo mmoja, mtutu ukitazama mbele na chini, kidole kikiwa nje ya triga muda wote.

Hatua ya 6: Jasho la Kigoma, mchanga wa Tabora

Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi, lakini jasho lako lina chumvi ya kutosha. Bastola inayogusa kiuno inaanza kutu kwenye slaidi upande wa mwilini, kwenye skrubu za mpini, na chini ya vipande vya mpini ambako hakuna anayefungua kutazama. Fremu ya plastiki ya Glock na wenzake haina cha kuota kutu, na ni faida ya kweli huku. CZ na Beretta zinahitaji kupanguswa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Usiilaze bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inatunza unyevu usiku kucha.

Tabora tatizo ni jingine. Kuanzia Juni hadi mvua zinapokaribia, vumbi na mchanga mwembamba vinaingia kila mahali. Anayemimina mafuta mengi anatengeneza uji wa mchanga ndani ya bastola. Mafuta yawe matone machache, kwenye reli za slaidi na mtutu unapogusana na slaidi, basi. Njia ya pini kwenye bastola ya pini iachwe kavu kabisa: mafuta humo yanashika uchafu, pini inapoteza nguvu, risasi inagoma. Na mafuta yawe ya silaha au mafuta mepesi ya mashine. Oili chafu ya gari na mafuta ya alizeti viache kwenye kazi zake.

Risasi ikigoma, watu wa nyundo hujivunia kwamba wanaweza kuvuta triga tena bila kukoki na kuipiga mara ya pili. Ni kweli. Lakini risasi iliyogoma mara moja inaweza kugoma tena, na mwendo wa kuaminika kwa mitindo yote ni uleule: gonga kitako cha magazini, vuta slaidi itupe ile mbovu, endelea. Sitanunua bastola kwa sababu hiyo. Zaidi, badilisha risasi za kubebea zikiwa zimekaa kiunoni mvua mbili. Za zamani zimalizie renji.

Jambo moja la kufungua bastola kwa usafi. Glock inakulazimisha kuvuta triga kabla slaidi haijatoka. Beretta na CZ hazihitaji hivyo. Kama nyumba yako ina mwingiliano, watoto wanaingia, simu inaita, hesabu tofauti hiyo. Mwenye Glock aangalie chemba mara mbili kabla ya kuvuta, kila mara, bila kujiambia kwamba ameshaangalia.

Nyumbani bastola inakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa na kubanwa ukutani au sakafuni, risasi mahali pengine palipofungwa. Chini ya mto hapana, hata kama ni kwa usiku mmoja.

Hatua ya 7: Safari zako

Leseni yako inaishia mpakani. Ukivuka Manyovu kwenda Burundi, au ukipanda boti kwenda upande wa Kongo, bastola inabaki. Hifadhi za Taifa vilevile: Gombe, Mahale na Mto Ugalla si mahali pa kuingia na silaha bila kibali cha mamlaka husika, hata kama unapita tu. Uwanja wa ndege, itaje kabla ya kufika kwenye mashine ya ukaguzi, usingoje iulizwe. Kwenye basi au treni ya usiku, usilale nayo kiunoni ukiwa na risasi chemba, na kabla ya kusafiri ulizia polisi utaratibu wa kuibeba.

Ukisimamishwa barabarani, mikono iwe mahali pa kuonekana, mwambie askari kwa heshima: "Afande, nina silaha yenye leseni, ipo upande wa kulia," kisha ungoje maelekezo. Usiichomoe kumwonyesha.

Ukinunua iliyotumika

Uhamisho wa umiliki unapita polisi, na namba iliyochorwa kwenye fremu lazima ilingane na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Baada ya hapo angalia muundo. CZ 75 za mwanzo, kabla ya zile za alama ya B, hazina kizuizi cha pini, hivyo zikidondoka na risasi chemba zinaweza kulia. Bastola za aina ya Tokarev, pamoja na nakala zake za Kichina, zina nyundo lakini haziko kwenye kundi letu la nyundo: hazina mvuto mzito wa kwanza, na usalama wake ni ngazi ya nusu tu, yaani nyundo kusimamishwa katikati ya safari yake, isipokuwa kama aliyeitengeneza ameongeza sefti. Hizo zibebwe chemba tupu au zisibebwe.

Mwombe muuzaji ashushe nyundo kwa kitufe, bastola ikiwa tupu, mara tano mbele yako. Nyundo ilale taratibu kila mara, bila kusita wala kupiga kwa nguvu. Kwa ya pini, koki ikiwa tupu, vuta triga na uishikilie nyuma, vuta slaidi na uiachie, kisha iachie triga polepole: lazima usikie mlio mdogo wa triga kujiweka upya. Usiposikia, bei ya kutupa haina maana. Springi za magazini zikague pia kwa kujaza risasi zote ambazo magazini inapaswa kubeba. Ya mwisho ikiingia kirahisi mno, springi imechoka. Omba magazini mbili, maana mpya za bastola za zamani ni shida kuzipata, iwe Kigoma au Tabora.